Barua kwa mwanangu: mbona tumbo bado linanisumbua

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye simu. Umeuliza: "Mama, upasuaji wa kupunguza uzito ulifanyiwa miaka mingi iliyopita. Mbona kwenye sendofu uliacha sahani ukaenda kulala garini? Kuna ugonjwa unanificha?"

Sikufichi ugonjwa. Kilichonipata siku ile nakijua kinavyoanza na kinavyoisha. Lakini umefanya vizuri kuuliza, maana lipo jambo moja ambalo likinipata halitakuwa na subira, na hilo nataka wewe ulijue kuliko mtu mwingine yeyote. Nitalifikia.

Mimi nilifanyiwa ile wanayoiita baipasi. Daktari alitenga kifuko kidogo juu ya tumbo, mwanzoni kilikuwa kinachukua kama mililita 30 tu, akakiunga moja kwa moja na utumbo mwembamba. Tumbo la zamani bado limo, ila chakula hakipiti humo, wala hakipiti ule mwanzo wa utumbo mwembamba. Kwako wewe kuna kilango chini ya tumbo kinachoachia chakula kidogo kidogo. Chakula changu hakikutani nacho tena. Ndiyo maana kitu kitamu kikiingia kinashuka kwa mkupuo, kama maji ya mvua kwenye korongo. Sukari nyingi ikifika utumboni ghafla inavuta maji ya mwili: tumbo linanguruma, moyo unakwenda mbio, kijasho chembamba kinanitoka, na choo hakingoji. Huwa inaanza kati ya dakika 10 na 30 baada ya kula. Siku ya sendofu ilikuwa ile juisi ya zabibu iliyotiwa sukari juu ya sukari yake. Nikijilaza, inapita.

Iko na ya pili, inayokuja saa moja mpaka tatu baada ya kula. Hiyo nadhani umeshaiona ukafikiri nimekasirika. Sukari ikipanda kwa ghafla, mwili unamwaga insulini nyingi, halafu sukari inashuka kupita kiasi. Mikono inatetemeka, njaa inauma, na ukiniuliza kitu nachelewa kujibu. Ukinikuta hivyo nipe sukari kidogo, si soda chupa nzima, kisha yai au karanga ili isishuke tena. Nikizimia usinitie kitu mdomoni, nipeleke hospitali.

Kula kwangu sasa unakujua. Naanza na kitoweo, maharage au nyama iliyoiva mpaka inachambuka, halafu mboga, ugali mwisho. Ugali wa uwele uliosongwa ukashikana, ule wa bibi yako, unanipa taabu kuliko pilipili. Tonge likiteremka kubwa linasimama hapa chini ya kifua, mate yanajaa mdomoni, mepesi, yana povu, na hapo hakuna la kufanya zaidi ya kusimama na kungoja lishuke au lirudi. Kwa mlenda nakwenda vizuri, mradi nikate tonge dogo na nitafune. Maji nayaacha mpaka nusu saa ipite baada ya chakula. Maziwa mabichi yananijaza gesi, mtindi unakaa. Mwanzoni bibi yako aliumia sana, akaona nakidharau chakula chake. Siku hizi ananisongea kaugali laini kwenye sufuria yake ndogo, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kunipa zawadi kubwa kuliko hiyo. Ila chakula kikianza kukwama kila mara, hata kile laini, hiyo si kawaida tena; inawezekana njia imebana, na inabidi daktari aangalie kwa kamera.

Vidonge unavyoviona kwenye kikapu juu ya friji si vya ugonjwa mpya. Madini ya chuma yanafyonzwa zaidi pale mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ndipo hasa chakula changu hakipiti. Vitamini B12 nayo mwili wangu unaipata kwa shida, na ikipungua sana miguu hufa ganzi. Kwa hiyo vidonge ni vya maisha, na damu napimwa kila mwaka hata nikijisikia mzima. Kidonge cha chuma sikimezi na chai, maana chai inazuia kisifyonzwe vizuri. Chuma hicho hicho hufanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Lakini kikiwa cheusi, kinanata, kinanuka kupita kawaida, huku nimepauka na nguvu sina, hiyo huenda ni damu. Hapo hatulali nyumbani.

Damu hiyo mara nyingi hutoka kwenye kidonda pale kifuko kilipoungwa na utumbo. Kwa sababu hiyo diklofenaki na ibuprofeni haziingii mwilini mwangu, iwe kidonge au sindano. Kichwa kikiuma, mgongo ukiuma, dawa yangu ni parasetamoli. Muuza duka la dawa atakwambia kuna nyingine kali zaidi, mshukuru, usiinunue. Sigara nayo inachokonoa vidonda hivyo hivyo. Divai yetu ya hapa nimeiacha, kwa sababu baada ya baipasi kilevi kinafika kwenye damu haraka sana.

Sasa lile jambo lenyewe. Unene ukipungua, mafuta ya ndani ya tumbo nayo yanapungua, na penye mshikizo wa utumbo, ule utando unaoushikilia, panaweza kubaki mwanya. Utumbo unaweza kupenya humo ukajinyonga. Linaweza kutokea hata baada ya miaka mingi. Maumivu yake ni makali, yanakata, pengine yanatokea mgongoni, na mtu anatapika au anajikamua bila kutoa kitu. Yanaweza kuja, yakaacha, yakarudi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hapa kwetu maumivu ya tumbo yana majina mawili, gesi na vidonda, na mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani na dawa ya kutafuna. Mimi usikubali nirudishwe. Utumbo uliojinyonga unakosa damu, na unaokosa damu unaoza ndani ya saa chache.

Wewe uko Mwanza, kwa hiyo mdogo wako nimeshamwambia: ikitokea ni moja kwa moja Hospitali ya Benjamin Mkapa, wana CT scan, ile mashine inayopiga picha ndani ya mwili. Daktari wa zamu aambiwe maneno haya kabla ya mengine yote: "Mama alifanyiwa baipasi ya tumbo, tunaomba daktari wa upasuaji amwone." Kipimo kinaweza kuonyesha sawa kama maumivu yametulia kidogo. Bado daktari wa upasuaji anione. Ripoti ya upasuaji nimeipiga picha, nakutumia leo. Iweke mahali utakapoiona haraka, maana nikiwa kwenye maumivu huenda nisiweze kueleza.

Si kila kuumwa tumbo kwangu ni habari ya upasuaji. Naweza kupata amiba kama mtu yeyote, na hata mawe ya nyongo, ambayo huwapata wengi waliopungua haraka. Ndiyo maana sipendi kukisia.

Na shangazi yako aliyekunong'oneza kwamba kupungua huku si bure, msomee barua hii yote. Nilikuwa na kisukari, presha na magoti yaliyokuwa yananiliza nikipanda ngazi. Leo natembea kutoka nyumbani mpaka soko la Majengo na kikapu mkononi. Kwa hilo tumbo langu nalivumilia, na sitaki mtu anionee huruma.

Ukija Krismasi niletee dagaa, wale waliokaushwa, wasiokaangwa kwa mafuta mengi. Juisi acha hukohuko.

Mama yako