Kabla ya kumnyima leseni, funikeni mtaro

Wahariri, mmeuliza: je, dereva asiyeweza kupaki gari sambamba na barabara, kwa rivasi, katikati ya magari mawili yaliyobanana, anastahili leseni? Nilianza kujibu kichwani kabla sijamaliza kusoma, na jibu lenyewe lilikuwa kali: msimguse mtu leseni yake kwa ajili ya hilo. Nawaandikia kutoka Mwanga, Kigoma. Nauza mawese, jumla na rejareja, na mbele ya duka langu ndipo watu wanapopaki wakija sokoni. Kutwa nzima macho yangu yako pale, na ninayoyaona ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Anayeijua Kigoma hahitaji maelezo marefu. Mji huu ulipangwa kwa ajili ya reli na meli. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na kutoka stesheni barabara, hii tunayoiita Lumumba, inapanda kilima kuja huku kwetu. Wakati huo nani alikuwa na gari la kupaki? Leo barabara hiyohiyo inabeba Hiace za Ujiji na Gungu, bajaji, bodaboda, Fuso za mizigo, na kila mtu aliyejinyima hadi akapata kagari kake. Pembeni kuna mtaro wa maji ya mvua. Mtaro siulaumu, maana masika maji yanashuka kutoka huku juu kwenda ziwani kwa nguvu, na bila mtaro wa kina tungefagiwa sote. Ninacholaumu ni kwamba uko wazi. Slabu ikivunjika, imevunjika, hakuna anayerudisha nyingine. Tairi likitumbukia humo, hutoki bila vijana wa kubeba gari, na vijana hawabebi bure.

Kwa hiyo swali lenu nadhani linamtazama dereva peke yake, kama vile anapaki kwenye uwanja mtupu. Mimi nataka kuuliza anapaki wapi, na nani amesimama nyuma yake akimpigia kelele.

Ilikuwa siku ya kuamkia Idi, na aliyewahi kuwa Mwanga siku ya kuamkia Idi anajua. Nguo za watoto zimetandazwa hadi barabarani, mchele unapimwa, kuku wanapiga kelele kwenye matenga, kila mtu ana haraka. Mama mmoja muuguzi, alikuwa bado na sare ya kazini, alishuka na IST nyeupe akielekea upande wa stesheni. Akaona nafasi mbele ya duka langu. Mbele ya nafasi hiyo kulikuwa na Canter inashusha magunia ya sukari, nyuma yake Probox. IST haifiki mita nne kwa urefu, na ile nafasi ilizidi hapo kwa hatua mbili za mtu mzima, au pungufu kidogo. Ni finyu, lakini gari linaingia. Akawasha indiketa, akasogea ubavuni mwa Canter, akasimama kama inavyotakiwa.

Kabla hata hajaweka rivasi, wakajaa. Kuli aliyekuwa anashusha sukari aliweka gunia chini akaenda nyuma ya gari. Kijana wa bodaboda akasimama mbele ya boneti. Muuza mihogo naye akaacha beseni lake akaja dirishani. "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Kushoto mama, kushoto! Simama! Aa, twende, nafasi kubwa hiyo!" Sasa fikirini. Kuli aliyesimama nyuma anatazama upande uleule anaotazama dereva, kwa hiyo kulia kwake ndiko kulia kwa mama. Wa bodaboda yuko mbele anamtazama mama usoni, na kulia kwake ni kushoto kwa mama. Muuza mihogo alikuwa akisema kulia akimaanisha pua ya gari iende kulia, na ili pua iende kulia unaporudi nyuma lazima usukani ukunjwe kushoto. Wote watatu wanasema kweli kwa namna yao, na mtu mmoja anatakiwa kuwatii wote kwa mikono miwili.

Juu ya hayo, kuna mteremko. Gari likitazama chini, kurudi nyuma ni kupanda. Ukilegeza breki linateleza kwenda mbele, ukikanyaga mafuta kwa woga linaruka nyuma. Afadhali mara mia ungekuwa unatazama juu, maana hapo gari hurudi lenyewe na wewe kazi yako ni breki tu. Halafu sisi tunaendesha kushoto kwa usukani wa kulia, hivyo mtaro uko mbali na dereva kwa upana wa gari zima. Yale magari ya usukani wa kushoto yanayoingia kupitia Manyovu kutoka Burundi, dereva wake akipaki hapa anatoa kichwa dirishani na kuuona mtaro chini yake. Yule mama hakuwa na namna hiyo. Alikuwa na kioo, na kioo kilikuwa kinaonyesha mbingu na mabati.

Nyuma yake Hiace ya Ujiji ilikuwa imeshaanza honi, konda anapiga bati kwa kiganja. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, wanawake na magari wapi na wapi. Hilo liliniuma sana na linaniuma hadi leo, kwa sababu kwenye mtaro uleule nimeona wanaume wazima na pikapu zao wakitumbukia mchana kweupe, wala sikusikia mtu akisema wanaume na magari wapi na wapi.

Mama akarudi, akakata, akasimama, akarudi tena. Tairi la nyuma la kushoto likakaa juu ya mdomo wa mtaro. Nilikuwa karibu, niliona kipande cha zege kikimeguka chini ya tairi na kudondoka kwenye maji machafu, na tairi likashuka kidogo, kama upana wa vidole viwili, likabaki hapo. Mama akakanyaga breki akaganda, mikono yote miwili juu ya usukani, anatazama mbele.

Hapo ndipo akaja jirani yangu. Ni mzee aliyemaliza nguvu zake kwenye malori, njia ya Kasulu na Kibondo, enzi za vumbi na tope. Hakwenda kwa mama kwanza. Alikwenda katikati ya barabara, akanyoosha mkono kusimamisha wanaopanda, akaipitisha ile Hiace na foleni yote iliyokuwa nyuma yake, mpaka barabara ikatulia. Kisha akawageukia wale watatu: "Nyamazeni. Gari lina dereva." Wakanyamaza. Ndipo akainama dirishani. Yule mama, katika hali ile, bado alikumbuka kusema shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Toka, anza upya. Hakuna anayekukimbiza."

Gari likatoka mtaroni salama, likasimama tena ubavuni mwa Canter. Mzee akamwambia ainamishe kioo cha pembeni cha kushoto hadi aone tairi la nyuma na mdomo wa mtaro. Akamwambia alinganishe bampa yake ya nyuma na bampa ya nyuma ya Canter, aache nafasi ya mkono mmoja kati yao. Akamwambia pia jambo ambalo mtu aliyekulia ziwani analielewa mara moja: gari likirudi nyuma linakuwa kama boti ya injini, linaongozwa kutoka mkiani, kwa hiyo geuza kidogo ungoje uone linakokwenda, na ujue kwamba pua itapanuka kuelekea barabarani. Ndiyo maana haingii mtu kwa mbele kwenye nafasi kama ile. Magurudumu yanayokata ni ya mbele, ya nyuma yanafuata tu na yanakata kona fupi.

Halafu akasimama karibu na boneti ya Probox. "Ukiniona kwenye kioo, njoo. Usiponiona, simama." Hakusema kulia wala kushoto. Mama akarudi polepole, akakunja usukani wote kushoto. Taa ya kulia ya Probox ilipoonekana kwenye kioo chake cha kulia, akanyoosha usukani kama alivyoelekezwa, akaendelea kurudi mpaka pua ikapita kona ya Canter, kisha akakunja wote kulia. Gari likaingia. Kati ya tairi na mtaro kulibaki kama shibiri moja.

Mzee hakuondoka. Akamwambia avute handbreki kwanza ndipo aweke P, uzito wa gari usikae kwenye gia. Na magurudumu ya mbele ayakunje kuelekea mtaroni. Mama akauliza kwa nini, maana ndiko alikokuwa akikukimbia muda wote. "Likiteleza likafie mtaroni, lisiende kwa watu." Ukitazama pale chini siku ya kuamkia Idi, watoto wale na nguo zao mpya mikononi, unaelewa.

Nimeeleza kwa urefu kwa sababu nilikusudia kuonyesha kwamba kosa ni la mtaro na la makelele, si la dereva. Lakini kadiri ninavyoandika naona kisa chenyewe kinanivuta upande mwingine. Kila alichosema mzee kinaweza kufundishwa. Hakuna hata kimoja kinachohitaji miaka ya lori. Kulinganisha bampa, kuinamisha kioo, kusubiri taa ionekane kwenye kioo, kukunja magurudumu kwenye mteremko: hayo ni masomo ya mchana mmoja, na yule mama alipewa leseni bila mtu kumpa mchana huo.

Mpwa wangu anafundisha hesabu sekondari. Nilipomsimulia kisa hiki aliniambia kwamba mwaka 2009 profesa wa hesabu wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, Simon Blackburn, alitoa fomula ya nafasi ndogo kabisa ambayo gari linaweza kuingia kwa mtindo huu. Inataka ujue gari lako linageuka kwa duara la ukubwa gani, umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, pua inazidi tairi la mbele kwa kiasi gani, na upana wa gari lililo mbele yako. Hapo awali ningesema hayo ni ya London, fomula ile haina mtaro wala mteremko wa Mwanga. Ni kweli haina. Lakini mzee naye alikuwa akipiga hesabu zilezile kwa macho, na ndizo zilizoingiza gari.

Basi jibu langu limegeuka: kupaki sambamba iwe sehemu ya mtihani wa leseni. Tena nataka iwe kwa kila mtahiniwa. Uingereza wanampa mtu zoezi moja kati ya matatu ya kurudi nyuma, na kupaki sambamba ni mojawapo tu, hivyo mtu anaweza kupata leseni bila kuulizwa hilo siku ya mtihani. Kwetu bahati hiyo isiwepo. Kwenye mji wa vilima na mitaro, asiyejua kupaki anaweza kuua mtu gari likiwa limezimwa na yeye yuko sokoni.

Ila nina masharti, na msiyakate mkichapa. Mtihani usifanyike uwanjani kwenye ardhi tambarare katikati ya vigingi, kisha mtu akaachiwa Lumumba. Ufanyike kwenye mteremko, gari likitazama chini. Mtahini asimame kimya mahali anapoonekana kwenye kioo. Mtahiniwa aruhusiwe kutoka na kuanza upya bila kukatwa alama, maana kujua kwamba umekaa vibaya na kutoka ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Wenye leseni tayari wasinyang'anywe. Wapewe mafunzo kwanza, na kwa bei ambayo muuguzi anaimudu. Slabu za mtaro zirudishwe kabla ya yote hayo, sijali ni kazi ya nani. Na mtu akiamua kuacha gari kule juu upande wa Community Centre, kwenye nafasi, akashuka sokoni kwa miguu na kapu lake, asizomewe na mtu.