Visahani, simu na afande: ukisimamishwa kiwanjani

Mara ya kwanza polisi kunisimamisha na kisahani mkononi, kile cha plastiki tunachochezea gofu ya kurusha, niliamini shida ni kisahani. Kumbe shida ilikuwa simu ya mdogo wangu.

Tulikuwa kiwanja cha Mnazi Mmoja, hapa mjini Zanzibar, baada ya alasiri, watu wanne. Mdogo wangu amepiga goti kwenye majani ananirekodi ninavyorusha. Afande akaja kwa miguu, hana haraka, akasimama baina yangu na mti tuliokuwa tukiulenga. Mimi hakuniuliza kitu. Alimnyooshea mkono mdogo wangu: "Hebu niione hiyo simu." Tukaitazama video sote pamoja. Mbele niko mimi, najipinda kama samaki. Nyuma yangu, wazi kabisa, geti na mlinzi mwenye silaha.

Anayeijua Mnazi Mmoja hana haja ya kuelezwa. Ikulu iko karibu, spitali kuu iko pale pale, na majengo ya serikali yamekizunguka kiwanja. Kwa afande, kijana anayeelekeza kamera upande ule ni jambo la kuulizwa, hata kama mbele ya kamera kuna mtu anacheza. Tulifuta video mbele yake, tukaomba radhi, akatuacha. Tangu siku ile tuna kanuni yetu: simu inatazama baharini au inakaa mfukoni.

Nimesimamishwa mara nyingi baada ya hapo, Unguja na Pemba, na vijana wanaoanza mchezo huu huniuliza wafanye nini yakiwakuta. Naandika niliyoyapitia. Mimi si mwanasheria.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, kwa Kiingereza disc golf: ni gofu, ila badala ya fimbo na kipira unarusha kisahani cha plastiki, na anayefika kwenye shabaha kwa mitupo michache ndiye mshindi. Ulianza kupangwa Marekani miaka ya 1970. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kazi ya Ed Headrick, na mwanzo shabaha zilikuwa nguzo tu. Vikapu vya minyororo vilifuata baadaye. Sisi bado tuko kwenye zama za nguzo. Visahani vyetu vya mwanzo aliviacha mgeni wa Kifini, kwao mchezo huu unapendwa sana, na shabaha zetu ni mivinje na nguzo tulizozifunga vipande vya khanga kuukuu. Wazee husema wakati wa Mwingereza sehemu ya Mnazi Mmoja ilikuwa kiwanja cha gofu cha wakubwa. Mimi hufurahi nikikumbuka hilo, kwamba gofu imerudi pale, na safari hii anayetaka anacheza.

Sasa jiweke mahali pa afande. Anaona watu wanne na mkoba. Wanatoa vitu vya duara, wanavitupa kwa nguvu, wanavifuata, wanaandika kitu kwenye daftari, wanatupa tena. Hajapata kuona mchezo huo. Mpira angeujua kwa mbali, na bao na karata pia. Hiki hakijui, na kazi yake ni kuuliza asichokijua. Ukilielewa hilo moyoni, sio mdomoni tu, nusu ya ugomvi imekwisha kabla hajafika.

Akija, simama. Usikimbie hata hatua mbili kufuata kisahani chako. Nimeona vijana wawili wa mtaani kwetu walioondoka mbio kwa sababu tu wameona sare, na shughuli iliyokuwa ya dakika tano ikawa ya jioni nzima. Ukikimbia umejishitaki mwenyewe. Kilichomo mkononi kiteremshe chini, msalimie. Akiwa mtu mzima kwako, shikamoo. Akiwa rika lako, assalaam alaykum inatosha. Kisha sema kwa Kiswahili cha kawaida: "Afande, tunacheza mchezo wa kurusha kisahani. Hiki hapa, kishike." Mpe. Akishakipima kwa mkono wake, akaona ni plastiki nyepesi, gramu mia na sabiini hivi, uso wake unabadilika. Waliopita skuli wanakijua kisahani cha riadha, na hapo anakuwa na kitu cha kukulinganisha nacho.

Yako maneno ya mchezo ambayo usiyaseme mbele yake. "Shimo" ni moja. Sisi husema shimo la kwanza, shimo la pili, kama gofu, na siku moja askari wa manispaa alikaribia kutuondosha kwa sababu alisikia "tumemaliza mashimo matano" akadhani tunachimba kiwanja. Alikuwa na haki kudhani hivyo. Sema "kituo" au "mti". Na pesa zisionekane. Mkiwa mnakusanya ya maji au ya urojo, msiihesabu kwenye majani pembeni ya daftari la alama. Kwa anayetazama kwa mbali, pesa, daftari na kundi la vijana ni kamari.

Pia jua unazungumza na nani. Polisi ni jeshi la Muungano. KMKM (kuzuia magendo), JKU (kujenga uchumi), Valantia, Zimamoto na Mafunzo (magereza) ni vikosi vya SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Halafu wako askari wa manispaa, na mitaani wako vijana wa ulinzi shirikishi. Hii nakwambia ili ujue malalamiko yako, yakiwepo, upeleke wapi. Usiitumie kumwambia mtu "wewe si polisi, huna mamlaka". Hilo neno sijaliona likimsaidia mtu hata mara moja.

Lakini yote haya ni ya wakati afande keshafika. Mengi yanaamuliwa kabla, na yanaamuliwa na mahali unaposimama kurusha.

Mimi hutupa kwa mkono wa kulia, mkono ukianzia kifuani ukifunguka nje. Kisahani kinapochoka hukata kushoto. Hilo halina mjadala, ni mzunguko wake. Basi ukiwa unatupa kama mimi, panga barabara, mabenchi na watoto viwe upande wako wa kulia, na kushoto kuwe na majani matupu. Anayetupa kwa mkono wa kushoto ageuze. Upepo ukikuvaa usoni mambo yanabadilika: kisahani kinakwenda kulia kwanza, na kama upepo una nguvu hakirudi. Ndiyo maana siku za kusi kali, pale bahari iliposogea kiwanja, sisi tunaviacha vile vyembamba vya kwenda mbali tunatumia vinene tu. Kisahani chembamba kina ukingo mgumu. Mchezaji mwenye mkono anakipeleka zaidi ya mita 100, na kikimpata mtu usoni ni jeraha. Mtu yeyote akiingia kwenye njia ya kisahani, hata yuko mbali, tunangoja. Kanuni za mchezo wenyewe zinasema hivyo, usirushe palipo na mtu unayeweza kumfikia. Mama mwenye ndoo ya madafu akikatisha kiwanja taratibu, mchezo unamsubiri yeye.

Na chagua siku. Sikukuu Mnazi Mmoja ni ya watoto, usiende na kisahani. Kiwanja cha Maisara kikiwa na maulidi au hadhara, usiende. Siku za kuelekea tarehe 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, siku za ugeni wa kitaifa, siku za uchaguzi, mkoba ukae nyumbani. Ramadhani sisi hucheza asubuhi mapema kidogo tu, au hatuchezi kabisa. Saa ya watu kuelekea futari hatutaki kumpigia mtu kelele karibu na sikio. Na magharibi ikiadhiniwa, tunakunja. Kiza kikiingia, kila kinachorushwa ni jiwe.

Barua imetusaidia kuliko kitu kingine chochote. Tuliiandika wenyewe, ukurasa mmoja: sisi ni nani, tunacheza nini, siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na nambari ya simu ya mtu mzima mmoja. Tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, na visahani viwili, tukamwonesha. Aliuliza maswali mazuri: mnaharibu miti? Mtu akiumia nani atawajibika? Tukajibu, akagonga muhuri. Nakala tukaipeleka manispaa. Nakala nyingine ipo kwenye mkoba ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vitambulisho vyetu vya Mzanzibari. Si kibali kinachomfunga afande. Ila inamwambia kwamba kuna mtu mzima anatujua, na kwetu hapa hilo lina uzito.

Sasa nieleze siku tuliyokosea, kwa sababu siku hiyo barua tulikuwa hatuna.

Kiwanja sikitaji, kituo sikitaji. Mwenzangu alirusha upepo ukimjia usoni, kisahani kikageuka, kikagonga ubavu wa gari iliyoegeshwa. Mkwaruzo wa urefu wa kidole. Mwenye gari alikasirika, na alikuwa na haki. Askari wawili walikuwa karibu. Badala ya kuomba radhi kwanza, mimi nilianza kusema kiwanja ni cha umma na mwenye gari kaegesha pasipo mahali pake. Yote mawili yalikuwa kweli. Hayakusaidia kitu. Tulichukuliwa sote na mkoba, visahani saba, tukakalishwa kwenye benchi mpaka isha ikaswaliwa. Hakuna aliyetuandika. Hakuna aliyetwambia tumefanya kosa gani. Mmoja alikuja kuniinamia akasema tukitoa ya maji tutakwenda zetu.

Sikutoa. Nilimwambia kwa sauti ya chini, kwa heshima: "Afande, kama kuna kosa naomba tuandikwe. Kama hakuna, naomba turuhusiwe twende tukaswali." Tulikaa nusu saa nyingine, kisha tukaambiwa tuondoke, mkoba ukabaki. Kesho yake nilirudi na ami yangu, mwalimu mstaafu, na nikaenda kwanza kwa mwenye gari nikamlipa shilingi 20,000 za rangi mbele ya watu wawili. Ami aliomba mkoba kwa upole, akauliza jina la aliyeupokea na akalitaja tena kwa sauti. Visahani vilirudi sita.

Ningefanya nini tofauti? Ningeomba radhi kwa mwenye gari kabla ya neno lolote jingine; yeye ndiye aliyedhurika, na yakimalizwa baina yetu na yeye, askari hana shughuli kubwa. Ningemtuma mmoja wetu nyumbani mara moja akamwambie mtu mzima tuko wapi. Ningehesabu visahani mbele ya aliyevichukua na kuandika: saba, viwili vyeupe, kimoja chekundu, na kadhalika, jina lake na saa. Haya unaweza kuyafanya bila kupandisha sauti. Una haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa. Dhamana hailipiwi, na ukilipa faini yoyote halali unapewa risiti. Ukiombwa pesa ya pembeni, ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, ipo kwa kazi hiyo, na ukienda na jina, siku na saa utasikilizwa vizuri zaidi kuliko ukienda na hasira.

Kwa dada zetu, maana sasa wako watatu wanaocheza nasi: mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Akikosekana askari wa kike, sema kwa utulivu kwamba utamsubiri. Na enyi kaka mliopo, msimwache dada aende kituoni peke yake. Mmoja afuatane naye, akae nje akibidi.

Pemba nimepata shida ndogo kuliko Unguja, na nadhani sababu ni kwamba watu wanajuana. Tulipocheza Chake Chake, kabla sijafunga khanga kwenye mti wa kwanza, wazee wa barazani walikwisha kuuliza mimi mtoto wa nani. Nilipojibu, mmoja akaniambia, "Babu yako namjua, cheza." Afande alipofika walimweleza wao, mimi sikufungua mdomo. Aliomba arushe kimoja. Kikakata kushoto kikaenda kwenye muhogo wa watu, tukakitafuta naye.

Kile chekundu cha siku ya benchi sijakipata mpaka leo. Kilikuwa kizuri sana kwenye upepo. Jumamosi hii tunacheza Maisara kama hakuna shughuli kiwanjani, alasiri ikishaswaliwa. Asiye na kisahani aje tu, tutamwazima. Aje na kitambulisho.