Maswali yenu kuhusu kazi ya msaidizi wa utafiti wa sonona

Wengi mnaoniandikia kuhusu tafiti za tiba ya sonona (depression) ni vijana wanaotafuta kazi hiyo, au walioipata na sasa wanakutana na mambo ambayo hawakuyatarajia.

Nina diploma ya ustawi wa jamii, sijasomea saikolojia. Nitachukuliwa kweli? (Bahati, Nakuru)

Unaweza kuchukuliwa, kwa sababu kazi yako haitakuwa kutibu. Waajiri hutazama kama unaijua lugha ya watu utakaowahoji, na kama unaweza kukaa na mtu anayelia bila kumkatiza. Maadili ya utafiti utafundishwa. Mradi ukitaka kukutuma vijijini bila mafunzo hayo, au hauna kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia inayoidhinisha tafiti, usiende.

Kila siku ni kusoma maswali tisa yale yale kwenye kishikwambi. Ustadi uko wapi? (Kondele, Kisumu)

Uko hapo hapo kwenye maswali tisa. Dodoso lenu la PHQ-9 linamuuliza mtu kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujilaumu, kukaza fikira, wepesi au uzito wa mwili, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Lilipimwa kwa wagonjwa wanaoishi na HIV hapa magharibi mwa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ni chombo kinachoaminika, lakini kikitumiwa kama kilivyoandikwa.

Mama akisema "usingizi hauji" nawe ukadakia, "yaani karibu kila siku, sivyo?", umemwandikia alama tatu ambazo si zake. Msomee majibu yote manne, kisha nyamaza. Asipoelewa, rudia swali lile lile polepole. Usingizi unaweza kukosekana kwa sababu ya mtoto mchanga, na uchovu ukatokana na malaria au jembe la tangu alfajiri. Si kazi yako kupambanua. Andika alichosema, na fomu ikiwa na nafasi ya maelezo, andika pia sababu aliyoitaja. Akifikisha alama 10, anahitaji kutazamwa zaidi na mtaalamu, kwa hiyo usimwambie mtu pale mlangoni kwake kwamba ana sonona.

Mshiriki aliniambia anafikiria kujiua, kisha akanisihi nisimwambie yeyote. Nami nilishamwahidi siri. (Nyalenda, Kisumu)

Ahadi ya siri ina mpaka, na mpaka huo hutajwa kwenye fomu ya ridhaa: maisha ya mtu yakiwa hatarini, timu ya matibabu itaambiwa. Kama uliisoma fomu ile kwa haraka ili uwahi nyumba ya pili, mshiriki hakuusikia. Ndiyo maana nasisitiza ridhaa isomwe taratibu, hata kama kuna wengine wanasubiri.

Sasa, akikuambia hivyo, liweke dodoso kando. Usimhubirie, usimwambie afikirie watoto. Muulize moja kwa moja kama ana mpango, na kama anacho kitu cha kujidhuru hapo nyumbani. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Watu wengi huona nafuu kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Mwambie waziwazi utampigia nani na kwa nini. Kisha mpigie mtabibu wa zamu wa mradi ukiwa umekaa naye, na usiondoke mpaka apatikane mtu wa kumpokea.

Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mwambie hivyo. Unampeleka kwa mtabibu, humpeleki kituo cha polisi.

Mama mmoja alitaka dawa, kompyuta ikampangia mazungumzo. Analia. Siwezi kumbadilishia kundi? (Ahero)

Huwezi, na najua inauma. Katika utafiti mmoja mkubwa uliofanyika Kisumu, washiriki walipangwa kwa bahati nasibu: wengine wakapata tiba ya mazungumzo inayoshughulikia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wengine wakapata dawa ya sonona iitwayo fluoksetini. Wasiopata nafuu walipangiwa matibabu mengine. Waliotoa tiba hizo si madaktari bingwa wa akili, na hilo ndilo lililotakiwa kujulikana, maana mabingwa hao ni wachache mno katika kaunti zetu. Tukianza kuwapa dawa wanaolia na mazungumzo walionyamaza, hatutajua kamwe kipi kilichomsaidia nani.

Mweleze mama kwamba mazungumzo ni tiba, hakutupwa kando. Mkumbushe pia kwamba ana haki ya kujitoa wakati wowote na bado ahudumiwe kliniki kama kawaida. Hali yake ikizidi kuwa mbaya, mjulishe mtabibu siku hiyo hiyo.

Mshiriki hapatikani kwa simu, na msimamizi ananiambia nijaze fomu kwa kukisia majibu ya mwezi uliopita. (Busia)

Kataa. Huko ni kughushi, na matibabu ya watu wengine yataamuliwa kwa majibu ambayo hakuna aliyeyatoa. Andika "hakupatikana", tarehe na saa ulizopiga. Msimamizi akikushinikiza, andikia kamati ya maadili; anwani yake imo kwenye fomu ya ridhaa.

Nikifika nyumbani sina nguvu hata ya kuongea na mume wangu. Masikitiko ya watu yananifuata. (Kakamega)

Dadangu, huo si udhaifu. Unasikiliza misiba, vipigo na njaa tangu asubuhi, na huruhusiwi hata kutoa ushauri. Msimamizi apange kikao cha kila wiki ambapo mnazungumza yaliyowalemea, bila kutaja majina ya washiriki. Usipange mahojiano mazito mfululizo. Weka kazi ya kukagua data katikati. Na yale maswali tisa, jiulize mwenyewe kwa uaminifu ule ule unaowadai washiriki. Kama wiki mbili zimepita na hali ni hiyo hiyo, nenda kliniki, na ni afadhali iwe tofauti na ile mnayofanyia utafiti ili uwe huru kusema yote.