Msiulize miaka, ulizeni nani anaweza kumwambia "basi"

Mhariri, wiki hii mmeuliza kocha akae na timu moja kwa miaka mingapi. Swali limetoka wapi tunajua sote: Kariakoo kocha anaondoka kabla hajayashika majina ya wachezaji wote, na mnatafuta mtu wa kuwahubiria viongozi subira. Kwenye subira sina ugomvi. Ninachouliza mimi ni nani ana uwezo wa kumwambia kocha "basi", maana yupo mmoja aliyekaa misimu 41 kwa kuwa mtu huyo karibu hakuwepo.

Ni Amos Alonzo Stagg, kocha wa futiboli ya Kimarekani. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892, rais wake, William Rainey Harper, aliyewahi kumfundisha Stagg kule Yale, alimchukua kwa dola 2,500 kwa mwaka na kumpa cheo cha profesa mshiriki chenye ajira ya kudumu. Siri yote iko hapo. Kocha wa kawaida ana mkataba, ukiisha mnaagana. Stagg alikuwa na kinga ya mwalimu wa chuo, na papo hapo ndiye aliyekuwa mkuu wa idara nzima ya michezo. Yaani kocha alikuwa chini ya mkurugenzi wa michezo, na mkurugenzi huyo ni yeye mwenyewe.

Uzito wake unaonekana ukiangalia kazi za mkurugenzi katika vyuo vya Marekani. Ndiye anayepanga ratiba, anayepatana na wageni juu ya mgawo wa viingilio, anayegawa fedha kati ya futiboli, riadha na besiboli, na ndiye anayeajiri na kufukuza makocha. Ratiba peke yake inatosha kumlinda kocha. Unafungua msimu na vyuo vidogo, unajikusanyia ushindi mara tatu nne, kisha mechi nzito unazivuta nyumbani ambako geti linaingiza zaidi. Stagg aliijua sana kazi hiyo, na vyuo vingine vilinung'unikia safari za treni za kwenda Chicago. Kuanzia 1902 alikuwa akiandaa mashindano ya riadha ya shule za sekondari uwanjani kwake. Vijana waje, waone, warudi kujiandikisha. Na tangu 1904 alikuwa kwenye kamati iliyotunga kanuni za mchezo wenyewe. Viti vitatu, mkaaji mmoja.

Watetezi wake hukimbilia mechi ya Novemba 30, 1905, Chicago na Michigan, na lazima nikiri ni mechi ya kukimbiliwa. Michigan ya kocha Fielding Yost ilikuwa imemaliza mechi 56 bila kufungwa, na msimu ule ilikuwa na pointi 495 kwa sifuri. Futiboli ya Kimarekani ya wakati ule haikuwa na pasi ya mbele, iliyoruhusiwa mwaka uliofuata. Timu ilipewa majaribio matatu ya kusogea yadi 5, na njia kuu ilikuwa kusukumana katikati kama mafahali. Ukiona husogei, unaupiga mpira mbali kwa mguu ili mpinzani aanzie karibu na goli lake.

Kusukumana na Michigan hakukuwa na faida. Ila Chicago ilikuwa na Walter Eckersall, mpigaji wa mipira mirefu asiye na mfano, kwa hiyo dawa ilikuwa kupiga, kuwabana kwao na kungoja wakosee. Si rahisi kama inavyosikika. Mpira ukiwa wa chini, mdakaji anaondoka nao kabla wenzako hawajamfikia. Ukiwa mfupi, umetoa yadi bure. Ukizidi urefu unavuka mstari wa goli. Hapo mdakaji anaugusisha chini tu na timu yake inaanza upya bila hasara. Unatakiwa upande juu kiasi cha wakimbiaji wawili kufika pamoja nao.

Kipindi cha pili, bado 0-0, mpira wa Eckersall ukavuka mstari. Denny Clark wa Michigan akaudaka akiwa nyuma ya mstari wake. Angeugusisha chini pale pale, mambo yangekwisha. Akaamua kutoka nao. Akakumbwa mara tu alipotoka, na Mark Catlin akamrudisha kwa nguvu nyuma ya mstari. Hiyo ni pointi 2 kwa anayekaba. Goli la kukimbia nao lilikuwa pointi 5 na la teke 4, kwa hiyo Michigan walihitaji bao moja tu la aina yoyote. Hawakulipata. 2-0, na Clark aliandamwa na uamuzi ule maisha yake yote.

Sasa angalieni viti vilivyofanya kazi pale. Mbinu ya mateke ni ya kocha. Lakini mechi kuwa nyumbani, mbele ya watu zaidi ya 25,000, hiyo ni kazi ya ofisi. Na ofisi hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kupiga kelele kuhusu masomo ya Eckersall, aliyeondoka chuoni bila digrii. Nani apige kelele, ikiwa mkurugenzi ndiye anayeuhitaji mguu wa Eckersall?

Ubingwa wake wa mwisho wa kanda, yaani wa ligi ya vyuo vya eneo lao, ulikuwa 1924. Misimu minane iliyofuata hakuna kombe, na kocha bado yupo. Kilichomtoa ni kanuni ya kustaafu akiwa na miaka 70, ambayo rais wa chuo wa wakati huo, Hutchins, alikataa kuilegeza.

Nilikaa kuandika nikiwa na jibu moja: viti viwili kwa mtu mmoja, kamwe. Kinachonisumbua ni yaliyofuata. Chicago ikavitenganisha: Metcalf mkurugenzi, Shaughnessy kocha. Stagg akahamia College of the Pacific, Stockton, na Novemba 1938 akarudi na vijana wake kwenye uwanja wenye jina lake, akaifunga Chicago 32-0. Mwaka 1939 Chicago ikachapwa 85-0 na Michigan, 61-0 na Harvard, 61-0 na Ohio State, kisha Desemba ikafuta futiboli. Hutchins hakuupenda mchezo na masharti ya masomo yalibana, kwa hiyo siwezi kuulaumu utenganisho peke yake. Lakini mkurugenzi ambaye pia ni kocha asingeipangia timu dhaifu vile ratiba ya namna ile. Na mzee mwenyewe alichaguliwa kocha bora wa mwaka 1943, akiwa na miaka 81.

Basi nalegeza. Apewe viti vyote viwili wakati timu inajengwa. Daftari la maksi na sanduku la fedha vibaki kwa wengine, ratiba mwachieni. Hiyo ni kwa vyuo. Klabu za wanachama, ambako viongozi hubadilika kwa uchaguzi, zina hesabu yake.

Mkinibana nitaje namba, nasema 10, au 15 kama makombe bado yanakuja. Ila msimu wa 15 wa Stagg ulikuwa 1906, na baada ya hapo alichukua ubingwa mara tano kati ya zake saba.