Usitume hiyo hela Ijumaa, nesi wa Mafinga

Usitume. Nimesoma uzi wako mara mbili, na mara ya pili nikaweka simu chini nikatoka nje kwanza. Umeuliza mambo manne: uchukue kozi ya mtandaoni ya kuhudumia wagonjwa mahututi, ya miezi 6 kwa laki tisa au ile ya mwaka mzima kwa milioni 1.4, simu inatosha au ununue laptopu, utasomaje na zamu za usiku, na kama cheti kitakupandisha daraja. Halafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu, ukaandika kwamba wakala anayeiuza hiyo kozi amekwambia mafunzo ya vitendo siyo lazima kwa sababu video zinajitosheleza. Maneno hayo hayo niliuziwa mimi miaka minne iliyopita. Nikayalipia milioni 1.6, na mtu mwingine akayalipia zaidi yangu.

Mimi ni nesi mwenzako, ngazi ya diploma, mwaka wa tisa kazini, niko dharura kwenye hospitali moja huku Mbeya. Wakala wangu alikuwa na ofisi ghorofani, tai shingoni, picha za manesi wanacheka pembeni ya ventileta, mashine ya kupumulishia. Akaniambia dunia imehama, darasa sasa liko mfukoni. Nikamuuliza, sasa mikono nitaizoeza wapi? Akasema, "Wewe si uko hospitali? Wagonjwa si wapo?" Nikaona kajibu vizuri. Leo nikilikumbuka jibu lile nauma meno, kwa sababu maana yake ni kwamba mgonjwa ndiye mdoli wa mazoezi, na mimi niliitikia.

Nikakopa saccos. Nikasoma miezi 9, bando usiku wa manane, mara nyingine nikiwa zamu, simu nimeiegemeza kwenye faili la mgonjwa. Na siwezi kudanganya watu humu: masomo yenyewe yalikuwa mazuri. Kuna vitu skrini ilinifundisha ambavyo hakuna aliyewahi kunifundisha. Kwa mfano, mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kukusomea asilimia 98 huku damu yake imejaa hewa ya mkaa, maana kifaa hakitofautishi hewa hiyo na oksijeni. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai elimu hiyo imenisaidia zaidi ya mara moja. Nikasoma pia jinsi ICU, yaani wodi za wagonjwa mahututi, zilivyoanza: mwaka 1952 huko Copenhagen polio iliwakaba watu wakashindwa kupumua, mashine zikawa chache, daktari Bjørn Ibsen akashauri watobolewe koo na wasukumiwe hewa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana, wanabinya mifuko. Vifo vikashuka sana, na mwaka 1953 Ibsen akaanzisha wodi inayohesabiwa kuwa ICU ya kwanza. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Nikaandika mwaka, nikapewa alama, na sikuona kwamba habari yote ile ilikuwa habari ya mikono. Moduli ya njia ya hewa nilipata 96.

Sasa nisikilize.

Ilikuwa Julai. Saa nane kasoro usiku ikaingia Noah kutoka Isyonje, imembeba kijana wa miaka 20 hivi, mkulima wa viazi. Alikuwa amepiga funda gizani kutoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, na ndani ya chupa mlikuwa na dawa ya kuulia wadudu. Mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, mate na povu vinamtoka, shati limelowa jasho kwenye baridi ile, kifua kinakoroma. Daktari wa zamu alikuwa theatre kwenye upasuaji wa mama mjamzito. Tulikuwa mimi na binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi.

Nikampata mshipa, atropini, dawa ya kupambana na sumu ile, ikaanza kuingia. Nilijua kwamba inaongezwa maradufu kila dakika 5 mpaka mapafu yakauke, na wala huangalii mboni. Hilo nilikuwa nalo kichwani vizuri kabisa. Halafu akaanza kupumua kwa kuruka, akasita, akanyamaza.

Nikachukua ambu begi, ule mfuko wa kumsukumia mgonjwa hewa kwa mkono. Video ya ambu begi nilikuwa nimeitazama mara tano, nyingine kwa kurudisha nyuma. Nikaweka maski usoni, kidole gumba na cha shahada vikashika juu, vitatu vilivyobaki chini ya taya, kama kwenye picha. Nikabinya. Hewa ikatoka pembeni ya shavu, fyuuu. Uso ulikuwa unateleza kwa mate, kama kushika samaki. Nikakandamiza maski kwa nguvu zaidi, na kila nilivyokandamiza kidevu kilishuka kifuani na koo likajifunga. Nikabinya haraka haraka. Kifua kimetulia kama meza. Kilichokuwa kinainuka ni tumbo.

Binti akasema, "Kaka, tumbo." Nikamjibu, "Naona."

Akatapika. Kitu cheupe, kinanuka dawa, kikajaa ndani ya maski. Na mimi, mkono ukiwa tayari umeanza, nikabinya tena. Kibinyo kimoja. Nimekiona kwa macho yangu kikishuka.

Hicho kibinyo hakuna video inayokionyesha. Mdoli wa kwenye video hana mate, hana ndevu, shingo yake imenyooka, na anayemshika ameshafanya kazi hiyo miaka 15, ndiyo maana kifua kinainuka na wewe unadhani kimeinuka kwa sababu ni rahisi.

Binti alikuwa ameshakimbia leba bila mimi kumtuma. Akarudi na Sista mmoja mkunga, mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa sweta juu ya sare. Hakunigombeza. Akamgeuza kijana kichwa upande, akachukua mpira wa kunyonyea uchafu, akasafisha mdomo, akampangusa uso kwa shuka mpaka ukakauka. Kupangusa tu! Mimi sikufikiria kupangusa. Kisha akasimama kichwani, akaweka mikono yote miwili kwenye maski na taya, akaniambia, "Mwanangu, wewe unampelekea maski usoni. Uinue uso uje kwenye maski. Haya, binya, mimi nimeshika. Pole pole. Theluthi ya mfuko inatosha. Umeona? Acha. Hesabu mpaka sita." Nikabinya, kifua kikapanda. Nikahesabu sita, nikabinya, kikapanda. Tulikwenda hivyo mpaka daktari akatoka theatre akamwekea mpira kooni.

Sista yule hajawahi kufungua kozi yoyote ya mtandaoni. Amepumulisha watoto wasiolia kwa miaka 27, na kwa miaka mingi kila wiki leba kwao wanamtoa mdoli kabatini wanafanya mazoezi dakika chache kabla ya kuanza zamu. Baadaye nikaja kujua utaratibu huo una ushahidi wa hapa hapa Tanzania. Kule Haydom, Manyara, wakunga walipewa kozi ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, wakafaulu vizuri kwa mdoli, lakini kwa mtoto halisi kazi haikubadilika. Walipoanza mazoezi mafupi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale kazini, ndipo vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Matokeo hayo yalichapishwa 2013 na 2015. Hakuna wakala atakayekuonyesha.

Kijana alipona. Alikaa siku 19, nimonia pande zote mbili. Daktari aliniambia sumu yenyewe inajaza mapafu, kwa hiyo hakuna anayeweza kupima kipi ni cha sumu na kipi ni changu. Sawa. Lakini kibinyo kile nakijua mwenyewe. Nilikisema asubuhi yake mbele ya daktari na muuguzi kiongozi, na kikaandikwa. Mama yake alikuwa anashinda kwenye benchi la nje na chupa ya uji, kila baada ya siku mbili anapewa karatasi ya dawa anaenda dirishani. Aliuza magunia 11 ya viazi kulipia zile karatasi, na yale hayakuwa viazi vya kuuza, yalikuwa mbegu ya msimu. Siku ya kutoka alinishika mikono yote miwili akasema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Huyo mama sikumwambia. Nimeandika hapa kwa sababu wewe uko hatua tatu nyuma ya pale nilipokuwa mimi.

Nikampigia wakala. Nikamweleza yote, nikidhani atashtuka. Akasema, "Ndiyo maana tuna ngazi ya pili, inaingia kwa kina zaidi, na wewe kama mhitimu wetu una punguzo." Mtu namwambia mgonjwa kavuta matapishi mkononi mwangu, yeye anatoa bei! Sijui watu kama hawa wanalalaje. Wanajua kwamba nesi wa kituo cha afya ana njaa ya kujifunza, wanajua hapelekwi semina, wanajua hata nauli ya kwenda Dar es Salaam ni shida, na njaa hiyo ndiyo wanaichuna ngozi. Na cheti chao, nilipokipeleka kihesabiwe kwenye pointi za mafunzo endelevu za leseni, hakikuhesabika. Kwa hiyo hilo la daraja umeshapata jibu: kabla ya shilingi moja kutoka, liulize Baraza la Uuguzi na Ukunga kama mtoaji wa kozi anatambulika. Usimuulize anayekuuzia.

Kanuni niliyotoka nayo ni moja, na kwa ajili ya kila intani na mwanafunzi anayepita kwangu nimeibandika ukutani: usifungue somo linalofuata kabla mtu anayeijua kazi hajakuona ukifanya lililopita, kwa mikono yako, akakwambia umekosea wapi. Akuone. Kumsimulia kwamba umeelewa hakuhesabiki, maana na mimi nilikuwa nimeelewa. Ukisoma moduli ya oksijeni, kesho yake mtu akutazame ukifunga maski yenye mfuko, aone kama mfuko umejaa kabla hujamvisha mgonjwa na kama umefungua lita 10 mpaka 15 au umeacha 5 kwa mazoea. Ukisoma kubinya kifua, mtu ashike saa ahesabu kama unafika 100 mpaka 120 kwa dakika, na kama dakika ya pili bado unazama sentimita 5 au umeshachoka unapapasa tu. Utachoka, kila mtu anachoka, lakini mwenyewe huwezi kujiona.

Ukikosa mtu wa kukutazama, basi hiyo kozi bado si yako, hata ikiwa ya bure. Na ya bure zipo. Ile ya huduma ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2018 pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kitabu chake kinapakuliwa bila senti, ilijaribiwa Tanzania, Uganda na Zambia, na imepangwa kwa siku chache za darasani zenye meza za vitendo, mwalimu kasimama pembeni. Mwambie mganga mfawidhi wako aulizie mkoani lini inafundishwa tena. Hata mabingwa wetu wa tiba ya dharura, tangu masomo hayo yaanze MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, mwaka 2010, wanakaa miaka mitatu wodini na mtu mzima akiwaangalia mikono. Daktari kamili, miaka mitatu. Wewe na mimi nani katuambia video zinajitosheleza?

Umesema mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Leo Jumanne. Kesho ukiingia zamu nenda leba, muulize mkunga mkongwe kuliko wote pale kama wana mdoli wa kupumulishia watoto. Mwamkie, mwombe akutazame dakika 5 ukishika maski. Maski ya mtoto ni ndogo na kasi yake ni tofauti na ya mtu mzima, lakini kuvuja utakuona. Halafu rudi kwenye uzi huu uniandikie: kati ya vibinyo 10, kifua kimepanda mara ngapi?