Je, Zaka Yaweza Kumnunulia Mwanafunzi Vifaa vya Ufundi?

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Ohio, Marekani, ambako nilisomea uuguzi katika chuo cha jamii, yaani vile vyuo vya umma vya miaka 2 ambavyo mtu wa kipato kidogo huingia akatoka na kazi mkononi. Mfuko wa hisani wa chuo hicho umeniomba mchango, nami nafikiria kuwapa zaka yangu, ambayo kwa kawaida naituma nyumbani. Tena tuna majirani, familia ya Kiislamu kutoka Maniema, Kongo. Kijana wao anasomea uchomeleaji chuoni hapo, na juzi alitaka kuacha kwa kukosa vifaa. Nimpe nani? Na kwa kuwa anayechangia mfuko hupunguziwa kodi na serikali, je, thawabu zake hupungua?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Dada yangu, umetaja wapokeaji wawili ambao hukumu zao ni mbali mbali, na kosa la wengi ni kuwatia katika kapu moja kwa sababu wote wanahusika na masomo. Zaka ina wenyewe. Mwenyezi Mungu amewataja katika Sura At-Tawba, aya ya 60, mafungu manane, na kwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi ni lazima mwenye haki aimiliki mali ile mkononi mwake. Mfuko wa chuo hauko hivyo: fedha zake huenda kwenye ufadhili wa masomo, kwenye ghala la chakula cha wanafunzi, kwenye mashine za karakana na pengine kwenye mishahara, na wanaonufaika ni watu wa dini zote. Mtume (s.a.w.) alipomtuma sahaba wake Muadh Yemen alimwambia kwamba zaka huchukuliwa kwa matajiri wao ikarudishwa kwa mafukara wao, na kutokana na hadithi hii wanavyuoni walio wengi wamesema kuwa zaka ya mali ni ya Waislamu. Wapo wa zama hizi waliolipanua fungu la “njia ya Mwenyezi Mungu” mpaka likaingiza kila jambo la kheri. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa mlango ukipanuliwa kiasi hicho watakaopita kwanza ni wenye majengo, na fukara atabaki barazani. Basi zaka yako usiipeleke kwenye mfuko.

Ama kijana wa Maniema, huyo ndiye hasa wa kutazamwa. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, ameeleza katika kitabu chake al-Majmuu kwamba mtu mwenye uwezo wa kuchuma, lakini ameshughulika na kutafuta elimu ya sharia kiasi kwamba kuchuma kungemkatisha, inafaa apewe zaka. Atatokea wa kusema: hiyo ni elimu ya sharia, na uchomeleaji si sharia. Ni kweli, na ndiyo maana sitegemei maneno hayo. Nategemea maneno mengine ya imamu huyo huyo, pale anapoeleza kiasi anachopewa fukara: mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya ufundi wake, thamani yake iwe ndogo au kubwa, na akatoa mfano wa muuza mboga ambaye dirhamu 5 au 10 zinamtosha, na wa muuza vito ambaye huenda akahitaji dirhamu 10,000. Makusudio ni kumtoa mtu katika ufukara, si kumshibisha siku moja. Kofia ya kuchomelea yenye kioo cheusi, glavu nene za ngozi, viatu vyenye chuma puani, na betri ya gari bovu linalompeleka darasani usiku baada ya zamu ya kazi: hivyo ndivyo vifaa vya ufundi wake.

Kabla ya kutoa, uliza kwa upole. Wanafunzi wengi wa vyuo hivi hupata ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, na wakimbizi waliopokelewa rasmi wanaweza kuipata pia, ilhali anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi haipati. Akiwa na kinachomtosha, si fukara. Akiwa hana, mpe fedha zenyewe. Usimnunulie vitu kwa zaka yako pasi na yeye kukufanya wakili wake, wala usimlipie chuo deni lake bila idhini yake. Si lazima umwambie kuwa ni zaka, na kwa kijana mwenye haya naona kunyamaza ni bora zaidi.

Kuhusu kuituma Mombasa, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mahali mali ilipo ikiwa wapo wenye kustahiki hapo, japokuwa wanavyuoni wengine wameruhusu. Jamaa zako wa nyumbani wapelekee sadaka, nayo kwa jamaa ni sadaka na ni kuunga udugu.

Hapa ndipo mfuko wa chuo unapopata nafasi yake, kwa mlango wa sadaka, ambao ni mpana na haumbagui asiye Mwislamu, kama inavyofahamika katika Sura Al-Mumtahina, aya ya 8. Imamu Ghazali katika kitabu chake Ihya amehesabu utabibu, hesabu, kilimo, ushonaji na hata kuumika (hijama) kuwa ni faradhi ya kutoshelezana. Mji ukikosa mtu wa kazi hizo, wote wameingia makosani. Wewe muuguzi ni tunda la chuo cha namna hiyo. Na si jambo geni kwetu: Chuo cha Mombasa cha Elimu ya Kiislamu, MIOME, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951 wasomee ufundi, kilisimama kwa michango, ikiwemo ya Sultani wa Zanzibar, ya Aga Khan na ya Mabohora, na ndicho leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Chunga jambo moja. Ukiambiwa kwamba mchango wako utawekezwa daima na faida yake ndiyo itakayotumika, uliza umewekezwa wapi, maana mara nyingi ni katika hati zenye riba. Waandikie sharti kwamba fedha zako zitumike mwaka huo huo, kwa chakula au vifaa vya wanafunzi. Sharti la mtoaji huheshimiwa.

Nafuu ya kodi haipunguzi thawabu maadamu si hiyo uliyoikusudia, nayo ni halali kuipokea. Ila ujue kwamba sheria ya Marekani huitoa kwa anayechangia taasisi iliyosajiliwa. Utakachompa jirani yako mkononi hakina risiti wala nafuu. Anza na yeye.

Wallahu aalam.