Barua kwa mwanangu anayeutaka umeya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeirudia mara kadhaa pale unaponiuliza kama kuzaliwa hapa na kutowahi kuhama ni sababu ya kutosha ya kuutaka umeya wa manispaa yetu. Kabla ya yote nikukumbushe kwamba hapa Tanzania meya hapigiwi kura na wananchi. Utaanza na udiwani wa kata, nao huupati bila kudhaminiwa na chama, kwa kuwa sheria zetu hazimruhusu mgombea binafsi. Ukishinda, ndipo madiwani wenzako, wakiwamo wa viti maalumu, watakapokaa barazani kumchagua mmoja wao. Kwa hiyo mwisho wa safari hutaushawishi mji, utaushawishi ukumbi.

Ukumbi huo naujua, kwa sababu siku mjomba wako alipougombea umeya nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, katika viti vya wananchi. Unamkumbuka alivyokuwa, shati limenyooshwa na kaunta buku haimtoki kwapani. Alipopewa nafasi ya kujinadi alisema kwamba kitovu chake kimezikwa katika mji huu na kwamba hakuna uchochoro asioujua, na hapo diwani mmoja wa safu ya pili akacheka, tena si kwa sauti kubwa, bali kama mtu anayesafisha koo, na wenzake wakamgeukia wakitabasamu. Karatasi za kura zilipoanza kufunuliwa na majina kusomwa, mjomba wako alikuwa akiweka alama katika lile kaunta buku, na aliendelea kuziweka hata pale ambapo matokeo yalikwisha kuwa wazi kwa kila aliyekuwamo. Mwenye kicheko alikuja hata msibani kwake, nami nikampokea kama ilivyonipasa, lakini kicheko chake bado ninacho.

Tangu mkiwa wadogo nimekuwa nikiwaambia kwamba mji haurithiwi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili kabisa wa nchi, na ugeni huo haukumzuia kuliongoza jiji lile. Mji haurithiwi, mwanangu, na madiwani watakaokusikiliza wengi wao nao wamezaliwa humu humu, kwa hiyo hutakuwa umewaambia jipya.

Hata hivyo, nikiandika hivyo najikuta najibishia mwenyewe. Mwaka ule maji yalipoingia majumbani, baraza lilibishana sana juu ya upana wa mtaro, na aliyewaeleza kwamba mkondo wenyewe ulikuwa umefukiwa na kujengwa juu yake alikuwa mjomba wako, ambaye utotoni aliuvuka kila siku akienda shule. Michoro iliyokuwa mezani haikuuonyesha. Jambo la namna hiyo mgeni angelijuaje? Labda basi ukaaji una thamani yake, ila thamani hiyo huonekana mtu anapoutumia kazini, si anapoutangaza, na nadhani ndiyo maana kicheko kile kiliniuma: waliocheka walikuwa hawajaona matumizi yake, na siku walipoyaona hakuna aliyerudi kumwambia neno.

Ulilopaswa kuniuliza ni kama utaiweza kazi yenyewe. Meya huongoza vikao vya baraza, lakini shughuli za kila siku na fedha zimo mikononi mwa mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, na theluthi mbili ya madiwani wakikuchoka wanaweza kukuondoa kabla ya miaka yako 5 kuisha. Utalaumiwa kwa taka zisizozolewa ilhali magari ya taka huyaamrishi wewe. Mtu mwenye hasira za haraka kama zako, na hasira hizo unajua ulikozitoa, itambidi ajizuie sana.

Najua unasubiri niandike ndiyo au hapana. Jibu ninalo, na kalamu inaniwasha, lakini nikisema ndiyo utasema kata nzima imekubali, na nikisema hapana utagombea kwa ubishi. Nitakalokuomba ni kwamba uende ukakae katika vile viti vya nyuma baraza linapokutana, usikilize taarifa za kata zikisomwa moja baada ya nyingine, bila kuondoka katikati. Na siku ukienda kuchukua fomu ya chama, nisikie kwako kabla majirani hawajanipa hongera.

Wako,
Mama